Bunge lipo hapa Dodoma, linajadili kwa Kiswahili, lakini televisheni zinatuletea vijembe tu

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Bunge la Bajeti linaendelea hapa Dodoma, wizara moja baada ya nyingine inawasilisha makadirio yake, na juzi ilikuwa zamu ya Wizara ya Kilimo, ambayo kwa sisi wa mikoa ya kati inagusa karibu kila nyumba. Saa 2:00 usiku nilikaa kusubiri taarifa ya habari ya kituo ambacho sitakitaja jina, nikitarajia kusikia waziri ameomba kiasi gani, ameahidi nini kuhusu mbegu na masoko, na kamati ya Bunge imemkosoa wapi. Nilichooneshwa ni wabunge wawili wakirushiana vijembe, ukumbi mzima ukicheka, kiti cha Spika kikiwataka watulie, kisha mtangazaji akatabasamu na kuhamia habari nyingine. Kabla taarifa haijaisha tukapewa maelezo marefu ya tamthilia itakayofuata: nani amemsaliti nani, na nani atagundua siri ya mtoto. Kuhusu kilimo chetu haikutajwa hata tarakimu moja.

Nieleweke vizuri. Sina ugomvi na tamthilia. Mgahawa wangu mdogo upo karibu na Soko la Majengo, televisheni iko ukutani, na wateja wangu wanazifuatilia tamthilia za Kituruki na za Kifilipino kwa moyo wao wote. Nao wana haki ya kupumzika baada ya kazi ya kutwa. Vijana wa Kitanzania wanaotia sauti za Kiswahili katika tamthilia hizo wanafanya kazi nzuri na wanaishi kwa kazi hiyo. Ninachouliza ni hiki: kama vituo vinaweza kugharamia tafsiri, waigizaji wa sauti na studio ili familia ya kitajiri ya Istanbul izungumze Kiswahili sebuleni kwetu, inakuwaje washindwe kutuletea mjadala ambao tayari umefanyika kwa Kiswahili, katika jiji hili hili, unaohusu fedha zetu wenyewe? Mjadala huo hauhitaji mtafsiri. Unahitaji mhariri anayeheshimu watazamaji wake.

Wenye kumbukumbu wanajua kwamba haikuwa hivi siku zote. Novemba 2014, ripoti ya Kamati ya Hesabu za Serikali kuhusu akaunti ya Tegeta Escrow, kashfa ya fedha za sekta ya umeme iliyohusu zaidi ya shilingi bilioni 300, ilijadiliwa Bungeni nchi nzima ikitazama. Mwaka huohuo tulilifuatilia Bunge Maalumu la Katiba, likiwa hapa hapa Dodoma, na tulimwona kila mjumbe alivyosimama na upande aliosimamia. Mafundi, wauza mboga na madereva walikuwa wanabishana kuhusu vifungu vya rasimu, na walivijua. Halafu tarehe 27 Januari 2016 aliyekuwa Waziri wa Habari, Nape Nnauye, akaliambia Bunge kwamba TBC, televisheni ya taifa, itaacha kurusha vikao moja kwa moja kwa sababu ya gharama, iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na kwamba badala yake tungepata kipindi cha usiku chenye mambo yaliyorekodiwa. Wabunge wa upinzani walipinga, kikao kikavurugika, na polisi wakaingia ukumbini. Miezi sita tu baadaye, Julai 2016, tukatangaziwa kwamba Serikali yote inahamia Dodoma. Viongozi walisogea karibu nasi katika mwaka uleule ambao maneno yao yaliondolewa kwenye runinga zetu, na mimi jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nije kwenye hivi vijembe, maana hapa ndipo penye madhara makubwa. Mtu anayeonyeshwa vipande vya kuchekesha kila usiku anajenga picha kwamba Bunge ni jukwaa la utani, na kwamba aliyechekesha ndiye aliyewakilisha vizuri. Kazi yenyewe iko kwingine. Waziri akishawasilisha hotuba yake, kamati inasoma maoni, wabunge wanachangia, waziri anahitimisha hoja, kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu moja moja. Hapo mbunge anaweza kushika shilingi katika mshahara wa waziri, maana yake anakataa kupitisha fungu hilo mpaka apate maelezo ya kuridhisha kuhusu barabara, kituo cha afya au bwawa la wananchi wake. Hicho ndicho kipindi ambacho waziri anabanwa na kulazimika kutoa ahadi inayoingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Televisheni inatuonyesha mbunge akipiga kelele kwamba atashika shilingi, watu wanashangilia, video inasambaa kwenye simu kwa siku tatu. Waziri alijibu nini? Mbunge aliirudisha shilingi kwa sababu aliridhika, au aliirudisha kwa sababu alishauriwa na wenzake? Wabunge wengine waliochangia hoja hiyo walimuunga mkono au walimwacha peke yake? Hakuna anayetuambia, na hilo ndilo pekee tulilohitaji kujua ili siku akija kuomba kura tumuulize.

Matokeo yake tunayaona sheria zikishaanza kutukata. Kumbukeni tozo za miamala ya simu. Zilipitishwa Juni 2021 ndani ya Sheria ya Fedha, na watu wengi waliokuwa wanakula mgahawani kwangu walizijua tarehe 15 Julai, walipotoa pesa na kukuta makato mapya yaliyokuwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Septemba mwaka huo Serikali ilipunguza viwango kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikalazimika kuzifuta baadhi. Mjiulize: kelele hizo zingepigwa Juni, hoja ikiwa bado mezani na kila mbunge akijua kwamba wapiga kura wake wanamtazama, je, viwango vile vingepita vilivyo? Agosti 2021 ikaja kodi ya majengo kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Wapangaji wa Chang'ombe na Nkuhungu wakajikuta wanakatwa kodi ya nyumba isiyo yao kila wanaponunua umeme, na ugomvi kati yao na wenye nyumba ulikuwa wa kusikitisha. Mwaka 2023 kiwango kikapanda hadi shilingi 1,500, na safari hii pia nilisikia watu wakisema "tumeshtukizwa". Hawakushtukizwa na Bunge, kwa sababu Bunge lilijadili mchana kweupe. Waliachwa gizani na wale ambao kazi yao ni kuwapa habari.

Au chukueni alizeti, zao ambalo Singida na Dodoma tunalitegemea kwa chakula na kwa ada za watoto. Msimu wa 2023 bei ilianguka, na wakulima pamoja na wenye viwanda vidogo vya kukamua walilalamikia kulegezwa kwa ushuru wa mafuta ya kula yanayoagizwa kutoka nje. Kupanga ushuru huo ni uamuzi wa kisiasa unaopita katika mchakato wa bajeti. Una wanaoutetea, kwa sababu mafuta yakiwa ghali mjini walaji wanaumia, na una wanaoupinga, kwa sababu mkulima wa Iramba au Kongwa anauza kwa hasara. Ni mjadala mgumu, wenye hoja za haki pande zote mbili, na ndio aina ya mjadala ambao televisheni ingeweza kuuchambua kwa wiki nzima, mkulima akiwa upande mmoja na muuza chipsi upande wa pili. Badala yake mkulima aliambiwa bei na dalali, gunia likiwa tayari limeshushwa, bila kujua ni nani alimsemea na ni nani alinyamaza. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya bilioni 750 mwaka uliofuata. Ni wakulima wangapi wa Mpwapwa walipata kusikia kwamba fedha hizo ziliombwa kwa ajili ya umwagiliaji, mbegu na ruzuku, ili waende kuuliza halmashauri yao ziko wapi?

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeyasikia mengi. Wa kwanza atasema vikao vinarushwa mtandaoni. Ni kweli, na ninapongeza. Lakini kikao kinaanza saa 3:00 asubuhi na kingine saa 10:00 jioni, saa ambazo fundi yuko juu ya paa na mama lishe yuko jikoni, na kutazama video kwa saa nne kwa bando la kununua ni gharama ambayo mkulima wa Bahi haiwezi. Tarehe 31 Januari 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dodoma, tulitakiwa kununua ving'amuzi ili tuendelee kutazama televisheni, na tulivinunua. Tuna haki ya kukuta ndani yake kitu chenye manufaa. Wa pili atasema kituo binafsi kinaishi kwa matangazo, na matangazo yanafuata tamthilia. Hilo nalielewa, lakini leseni ya kurusha habari inaambatana na wajibu, na hakuna mfadhili aliyewahi kumkataza mhariri kutaja kiasi cha fedha alichoomba waziri. Wa tatu, na huyu ndiye anayenikera kuliko wote, atasema wananchi wenyewe hawapendi mambo mazito. Watu wanaokumbuka kila tukio la tamthilia ya sehemu mia moja na zaidi, majina ya wahusika wote, urithi ulivyogawanywa na mkataba uliosainiwa kwa hila, ndio mnaowaambia hawawezi kufuatilia bajeti? Wanaweza. Mliwazoesha vingine.

Katiba yetu, Ibara ya 18, inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sijui ni tukio gani lililo muhimu zaidi kwa shughuli zetu kuliko kugawanywa kwa shilingi trilioni 56.49, kama ilivyokuwa katika bajeti ya mwaka 2025/26.

Ninachodai hakihitaji mitambo mipya. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, kituo chochote kinachoonekana bure kitenge saa moja baada ya taarifa ya habari, wakati watu wako nyumbani, kituambie wizara gani imejadiliwa, imeomba kiasi gani ikilinganishwa na mwaka jana na imepokea kiasi gani kati ya kilichopitishwa mwaka jana, wabunge wa mikoa yetu wamesema nini kwa sentensi kamili, na waziri amejibu nini wakati wa kuhitimisha. Wakati Muswada wa Sheria ya Fedha unajadiliwa, tusomewe kila kodi na kila tozo mpya kabla haijapitishwa. Tamthilia isogee saa 4:00 usiku. Wapenzi wake wataisubiri, nawafahamu.

Nimekiandikia kituo kile barua na kuipeleka kwa mkono kwenye ofisi yao ya hapa Dodoma, nikamkabidhi mhusika na kumwomba anigongee muhuri kwenye nakala yangu. Kama humu kuna mtu anayefanya kazi katika chumba cha habari cha televisheni yoyote, naomba ajitokeze atujibu bila kuzunguka: nani anaamua kipande gani cha kikao kiende hewani, na anaamua kwa kigezo gani?