Tupeane uzoefu: tulivyosoma makundi ya Usenet kwa programu ya barua pepe hapa Tanga

Mwalimu wa Chumbageni

Wanajamvi, habari za jioni. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kidato cha sita alikuwa akiniwekea programu ya barua pepe ya Thunderbird kwenye kompyuta yangu ya mezani, akaona kwamba miongoni mwa akaunti zinazoweza kufunguliwa ipo moja isiyo ya barua pepe wala ya kalenda, akaniuliza ni ya nini. Nilipomjibu kwamba ni ya makundi ya habari ya Usenet, alinitazama kama mtu aliyetajiwa nauli ya gari moshi la enzi za babu yake. Ndipo nikaona heri sisi tuliowahi kuyasoma tusimulie wenyewe, na hasa tuseme tulikokwama, kwa kuwa maelekezo ya kufungua akaunti hupatikana kirahisi lakini makosa ya watu hayaandikwi.

Kwa asiyejua, Usenet ni mtandao wa makundi ya majadiliano kwa maandishi, kila kundi na mada yake; ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Haina makao makuu wala mwenyewe. Ujumbe ukishaandikwa hupokelewa na seva ya mwandishi, yaani kompyuta inayotunza na kusambaza ujumbe, seva hiyo ikawapa jirani zake nakala, nao wakawapa wengine, hata ukaenea kote. Programu yako huongea na seva kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya NNTP, iliyotolewa mwaka 1986, kupitia poti, yaani mlango wa mawasiliano, namba 119, au 563 pale mawasiliano yanapofichwa kwa usimbaji. Kwenye skrini kundi huonekana kama folda ya barua, lina mada, jina la mwandishi na tarehe, na mtego wote upo hapo, kwa sababu linafanana na barua lakini si barua.

Mimi nilinaswa mwaka 2001. Nilikuwa na programu ya barua pepe ya Outlook Express na modemu iliyounganishwa kwenye simu ya mezani, na kila dakika ya simu ililipiwa, kwa hiyo nilijiwekea utaratibu wa kuunganisha saa nne usiku, kupakua kila kitu, kukata, kisha kusoma kwa utulivu. Siku ya kwanza vichwa vya ujumbe (mada, mwandishi na tarehe) mia mbili na kitu vilishuka, nikakata simu kwa furaha, nikachemsha chai, nikaketi. Nikabonyeza kichwa cha kwanza: hakuna kitu. Cha pili: hakuna kitu. Barua pepe nilizozizoea zilikuja na matumbo yake, lakini hapa nilikuwa nimeleta nyumbani bahasha tupu mia mbili. Katika mipangilio ya kusawazisha kundi palikuwa na chaguo la vichwa pekee, la ujumbe mpya, na la ujumbe wote, na mimi nilikuwa kwenye vichwa. Hata Thunderbird ya leo ina jambo hilihili: usipoingia kwenye sifa za kundi ukaliteua kwa matumizi ya nje ya mtandao, unapata majina bila maneno.

Mzee wa Raskazone

Mwalimu, nimecheka hiyo ya bahasha tupu, maana yamenikuta.

Mimi ni msikilizaji wa redio za masafa mafupi tangu ujana, na kundi langu lilikuwa rec.radio.shortwave. Wasiofuatilia redio hizo huenda hawajui kwamba vituo vya kimataifa hubadilisha ratiba za masafa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, na zamani tulisubiri kitabu cha ratiba kwa posta hadi msimu wenyewe ukaribie kwisha. Kwenye kundi mtu alikuwa akikaa na redio yake usiku, anaandika alichokisikia na kwenye masafa gani, na kesho yake mimi hapa ufukweni ninaelekeza antena yangu palepale. Nilikuwa nachapa orodha hizo kwa printa ya sindano na kuzibandika ukutani juu ya redio. Ukuta ule hadi leo una alama za gundi.

Kosa langu lilikuwa la anwani. Nilionywa kwamba anwani halisi ikionekana kwenye Usenet hukusanywa na watuma barua taka, na kwamba wenzetu huchomeka neno la ziada katikati ya anwani ili binadamu aliondoe na mashine ishindwe. Nikafanya hivyo kwa bidii: nikachomeka ONDOAHAYA. Kwa miezi kadhaa nilishangaa kwa nini hakuna aliyeniandikia faraghani, mpaka bwana mmoja aliuliza kundini kama ONDOAHAYA ni jina la ukoo wangu, kwa kuwa barua zake zote zilikuwa zinarudi.

Fundi wa Barabara ya 12, Ngamiani

Shikamoo mzee. Yangu ni fupi, lakini iliniumiza kichwa kwa wiki nzima.

Nilikuwa ninajifunza Pascal, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikapeleka swali kwenye comp.lang.pascal.misc pamoja na kipande cha programu yangu. Wenye Pascal wanajua kwamba amri hukusanywa kati ya neno begin na neno end. Mimi nina mazoea ya kuacha nafasi mbili baada ya begin, kisha kuendelea na amri kwenye mstari uleule. Wajuzi wawili walinijibu vizuri, lakini wengine walilalamika kwamba nimetuma kiambatisho kisichofunguka. Nikaapa kwamba sijatuma kiambatisho chochote. Nilipofungua ujumbe wangu mwenyewe kwenye Outlook Express, maneno yaliishia pale kwenye begin na kilichobaki kilikuwa picha ya klipu ya karatasi.

Sababu ni ya kale. Mafaili yaliyotumwa Usenet yalikuwa yakigeuzwa kuwa herufi za kawaida, na faili la namna hiyo huanza kwa mstari wenye neno begin. Outlook Express ilikuwa na pupa: ikikuta neno hilo mwanzoni mwa mstari na nafasi mbili baada yake, iliamua kwamba faili limeanza, bila kuhakiki chochote zaidi. Waliokuwa na programu nyingine waliona swali langu zima. Nilipoiacha nafasi moja tu, tatizo likaisha.

Nyongeza ndogo: msiwe mnanakili maandishi kutoka Word kwenda kundini. Kiswahili kina bahati ya kuandikwa kwa herufi zisizo na alama, ila alama ya ritifaa ya Word imejipinda, na ng'ombe wangu walifika kwa wasomaji wakiwa na alama ya kuuliza shingoni.

Muuguzi wa Pangani

Nimesita kuandika, lakini mwalimu ametaka makosa, na langu halikuwa la kuchekesha.

Miaka hiyo nilisoma sci.med, kundi la mambo ya tiba, kutoka kwenye intaneti kafe moja pale mjini, kila nilipokuja Tanga kwa shughuli. Mwanamke mmoja wa mbali aliuliza kuhusu ugonjwa uleule aliokuwa nao mama yangu, naye akaeleza hali yake kwa uwazi mkubwa. Nikamwandikia kama dada kwa dada: jinsi mama alivyougua, dawa alizozikataa, hata tulivyogombana nyumbani juu yake. Nikabonyeza kitufe. Kwenye barua pepe nilikuwa nimezoea kwamba jibu humwendea aliyeandika. Kwenye makundi vitufe ni viwili, kimoja humjibu mwandishi na kingine hujibu kundi zima, na vimekaa bega kwa bega. Nilibonyeza cha kundi.

Niligundua wiki mbili baadaye, nilipokuta majibu manne kutoka kwa watu nisiowajua wakimpa pole mama yangu kwa jina. Nikatumia amri ya kufuta. Kwenye folda yangu ujumbe ulitoweka, lakini amri hiyo ni ombi tu: kila seva huamua yenyewe kuitii au kutoitii, na nyingi haziitii, kwa kuwa wahuni waliwahi kuitumia kufuta maneno ya watu wengine. Tena palikuwa na hifadhi ya Deja News, iliyokuwa ikikusanya ujumbe wa Usenet tangu mwaka 1995 na ambayo Google iliinunua mwaka 2001. Mama ameshatangulia mbele ya haki. Barua ile nadhani bado ipo.

Mwalimu wa Chumbageni

Pole sana, dada, na Mungu amrehemu mama. Vijana, katika Thunderbird kitufe cha kundi kimeandikwa Followup. Kikumbukeni hicho kabla ya kingine chochote.

Kijana wa kidato cha sita

Shikamooni wote. Mimi ndiye niliyeuliza. Nimesoma kwamba Google iliacha kupokea na kutuma ujumbe wa Usenet tarehe 22 Februari 2024. Je, bado kuna pa kuingilia? Nimejaribu seva ya Eternal September, ambayo usajili wake ni bure na hubeba maandishi tu, lakini orodha ya makundi haiji.

Mwalimu wa Chumbageni

Marahaba. Kilichofungwa ni mlango mmoja, na baadhi ya wasomaji walishukuru, maana barua taka nyingi zilipitia hapo. Sehemu iliyobaki ya Usenet inaendelea. Jina la seva hiyo lina kisa chake: kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo waliingia Usenet bila adabu za mahali, wakafundwa, mambo yakatulia. Kuanzia Septemba 1993 wageni hawakukoma tena, ndiyo maana ikaitwa Septemba ya milele.

Kuhusu orodha, ingia kwenye mipangilio ya seva ndani ya akaunti hiyo, utafute kisanduku kinachosema seva iombwe uthibitisho kila inapounganishwa, ukitie tiki. Bila tiki, programu haipeleki jina lako wala nywila, na hata dirisha la kuviuliza halikutokei.

Kijana wa kidato cha sita

Imekubali, mwalimu. Orodha ni ndefu mno, bado inashuka. Nianze na kundi gani?

Mzee wa Raskazone

Anza na misc.test, mwanangu, lililowekwa kwa ajili ya majaribio, ambako hakuna atakayekukaripia. Andika kwa maandishi matupu, bila rangi. Mada iwe neno Tanga na saa uliyoandika, nami nitaangalia nikishaswali isha.

Kijana wa kidato cha sita

Nimetuma, mzee. Nimeandika «Tanga, saa 1:40 usiku».

Mzee wa Raskazone

Nimekuona. Ila umeacha anwani yako halisi.