Mnara wa simu jirani na banda la mbuzi: mapigo ya moyo yatavurugika?

Mfugaji Mpole: Wakuu, habari za jioni. Kampuni ya simu inataka kukodi kipande cha shamba langu isimike mnara, mita kama 40 kutoka banda la mbuzi wa maziwa. Kodi si haba. Ila jirani kanitumia ujumbe wa WhatsApp kwamba mawimbi ya maikrowevu yalisimamisha moyo wa chura maabara. Nisaini au nikimbie? Matusi kaeni nayo.

Jogoo la Kota: Mbuzi watatoka wameshaiva. Andaa ndimu na pilipili.

Fundi Mawimbi: Habari ya chura si uzushi, ila imekatwa mkia. Mwaka 1968 kule Marekani, Allan Frey na Eugene Seifert walitoa mioyo ya vyura nje ya mwili, wakaipiga mawimbi kwa vipindi vifupi mno, vya mikrosekunde 10, wakivipanga viendane na pigo la moyo. Mawimbi yalipoingia katikati ya pigo, moyo ulienda mbio. Karibu nusu ya mioyo ilipoteza mpangilio, mingine ikasimama kabisa. Ujumbe wa jirani unaishia hapo. Hausemi kwamba miaka ya 70 wengine walirudia jaribio wasipate kitu. Na mbuzi wako moyo wake haupo kwenye kisahani, una mbavu na nyama juu yake. Mnara nao haujui pigo lake liko wapi.

Mawimbi makali hupasha mwili, na joto hukimbiza moyo wa mnyama yeyote. Lakini antena hurusha kwa pembeni, juu ya paa la banda, na umbali ukizidi mara mbili nguvu inabaki robo.

Mama Maziwa: Na wale panya wa maabara waliopigwa mawimbi ya simu wakapata uvimbe wa moyo?

Fundi Mawimbi: Hiyo ni ripoti ya utafiti wa Marekani ya 2018, panya dume. Walipigwa mawimbi mwili mzima, jumla ya saa 9 kwa siku, miaka miwili. Silidharau, ila huo ni uvimbe, si mapigo.

Mtu wa Mifugo: Kabla hawajaanza kuchimba, pima mwenyewe. Mbuzi akiwa ametulia kivulini, weka vidole ndani ya paja la nyuma, hesabu dakika nzima. 70 hadi 90 ni sawa. Andika daftarini, kila mbuzi na jina lake. Mimi naogopa zaidi jenereta ya mnara na waya wake wa ardhini: umeme ukivujia kwenye bomba au birika la chuma, mbuzi hugoma kunywa na maziwa yanashuka.

Mfugaji Mpole: Asanteni. Jenereta nitadai iwe upande wa barabara, tena iandikwe kwenye mkataba.

Jogoo la Kota: Wakikataa, nitumie namba yao inboksi. Kiwanja changu hakina hata kuku.