Biashara ya mama, laini ya mtoto: afanyeje apate mkopo?

Jirani_wa_Kisauni
Assalaam aleikum. Soko la Kongowea, hapa Mombasa, akina mama wengi hupokea malipo ya M-Pesa kwa laini ya mtoto au mume. Pesa zaingia kila siku, lakini wakitaka mkopo wakwama. Waanzie wapi? Na wengine hawataki riba.

Mhasibu_Tudor
Waaleikum salaam. Rekodi yote ya malipo yamjenga mwenye jina kwenye laini, si mwenye biashara. Hatari kubwa ni Fuliza, mkopo wa M-Pesa wa kukamilisha malipo salio lisipotosha: kijana akiwa na deni, mteja akilipa samaki wa shilingi 500, deni lakatwa kwanza na mama abaki na kilichosalia. Na mwenye laini akifariki, pesa hizo zahesabiwa mali ya marehemu.

Madeni ya laini yalipwe, kisha wote wawili waende duka la mtandao na vitambulisho halisi, umiliki uhamishwe. Kama kijana hapatikani, mama asajili laini yake na afungue Pochi la Biashara, akaunti ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo. Haihitaji leseni, pesa za biashara hukaa mbali na za nyumbani, na mteja hawezi kurudisha malipo bila idhini yake. Ila rekodi yaanza upya. Asiye na kitambulisho hata hapa hafiki. Wapemba wa pwani ya Kenya waliishi hivyo, bila vitambulisho, miaka mingi mpaka serikali ilipowatambua 2023.

Dada_wa_Likoni
Msisahau gharama, ndiyo inayowarudisha kwa pesa taslimu. Kutoa shilingi 200 kwa wakala ni 29, na kutoa 2,500 ni 29 hiyo hiyo. Anayetoa kidogo kidogo kila jioni aumia sana. Bora amlipe muuzaji wa jumla kwa simu: kutuma 500 ni shilingi 7, na mpaka 100 ni bure.

Mhasibu_Tudor
Kweli kabisa. Kuhusu riba: M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, hutoza ada ya 7.5% kwa siku 30, na asipolipa kwa wakati yaongezwa tena. Asiyetaka hayo aulize murabaha, mauzo ya awamu bila riba, kwenye benki ya Kiislamu, Gulf African Bank kwa mfano: benki yanunua friji, yamuuzia kwa faida iliyotajwa mapema, alipa kwa awamu. Wataomba taarifa za M-Pesa, na zikiwa na jina la mtoto hazimsaidii.

Jirani_wa_Kisauni
Shukran. Na chama cha akina mama cha kuweka na kukopa je?

Dada_wa_Likoni
Wawe kumi au zaidi, wawe na katiba na kumbukumbu za mikutano, wasajili kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Akaunti iwe na watia saini watatu.