Injini nyuma kabisa au katikati: 911 na Cayman kwenye kona

Mkaazi wa Ruaka: Wakuu, nachagua kati ya Porsche 911 (toleo la 991) na Porsche 718 Cayman, zote zimeshasajiliwa hapa Kenya. Bei tuiache kando. Nataka kujua ipi itanitii kwenye kona za Tigoni mvua ikinyesha.

Fundi wa Industrial Area: Angalia uzito ulipolala. Injini ya 911 imekaa nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma, kwa hiyo takriban asilimia 60 ya uzito unabebwa na matairi yanayosukuma. Ukitoka kwenye kona na kukanyaga mafuta, inang'ata lami hata ikiwa imelowa. Shida iko wakati wa kuingia: pua ni nyepesi, ukiingia kwa kasi gari linataka kwenda moja kwa moja. Ukishtuka ukaachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanalegea na mkia unatoka nje.

Cayman injini iko nyuma ya viti lakini mbele ya ekseli. Uzito umekusanyika katikati, ndiyo maana inageuka upesi. Lakini ikivuka mpaka, inazunguka kwa upesi uleule. Wenye Toyota MR2 ya 1989, nayo ya injini katikati, wanalijua hilo. Baadaye Toyota ilibadilisha saspensheni na matairi.

Shabiki wa Safari: Mimi ni 911 tu! Dereva Björn Waldegård alikuwa wa pili kwa 911 Safari Rally ya 1974, Vic Preston Jr akawa wa pili 1978, naye kwa 911. Na 2011 Waldegård akashinda Safari Classic kwa 911. Kwenye matope, uzito juu ya matairi yanayosukuma ni kila kitu.

Dada wa Kiserian: Kaka, 1975 Munari alikuwa wa pili na Waldegård wa tatu kwa Lancia Stratos, injini katikati. Matope hayo hayo. Halafu 991 si ile 911 ya zamani: tangu toleo la 993 saspensheni ya nyuma ilibadilishwa, na 991 ikaongezewa milimita 100 kati ya ekseli. Mkia wake umetulia sana. Hata hivyo ningechukua Cayman. Naiendesha Magadi Road, na pale ninapoielekeza ndipo inapoenda. Kwa mtu anayeanza, hiyo inampa imani.

Mkaazi wa Ruaka: Asante dada. Na matuta?

Dada wa Kiserian: Zote ziko chini. Pita kwa mshazari, polepole.

Fundi wa Industrial Area: Yoyote utakayochukua, maliza breki gari likiwa limenyooka, kisha ushikilie mafuta kidogo mpaka utoke kwenye kona. Na kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa kila tairi: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, hayabadilishwi nafasi. Ukikuta mapya nyuma na makuukuu mbele, mwambie muuzaji akununulie jozi mpya ya mbele, la sivyo pua haitashika Tigoni hata uwe dereva gani.

Mkaazi wa Ruaka: Jumamosi naenda kuiona Cayman.