Tupeane uzoefu: kampuni kubwa ilipookolewa kwa pesa za kodi, wewe zilikufikia?

Mzee wa Donholm
Jana jioni nikila, redio ikaanza tena habari za kutia pesa za umma kwenye kampuni iliyozama kwa madeni. Chakula kikanishinda. Nilifanya kazi miaka 19 kwenye stoo ya kampuni moja kubwa ambayo serikali ina hisa ndani yake. Iliokolewa mara mbili nikiwa pale. Mara ya kwanza tulichinja mbuzi. Mara ya pili niliachishwa miezi miwili baada ya pesa kuingia, na makato ya pensheni yaliyokuwa kwenye karatasi yangu ya mshahara kila mwezi, kumbe hayakuwa yakipelekwa popote. Nataka kusikia kutoka kwa waliopitia haya.

Karani Mstaafu
Mimi pia, mzee. Makato hayo hayo. Nadai hadi leo.

Mwalimu wa Kayole
Poleni sana wazee wangu. Lakini tusiseme kuokoa ni kubaya kila mara. Septemba 2008 Marekani iliiacha benki ya Lehman Brothers ianguke, na ndani ya wiki chache mikopo ikakauka karibu dunia nzima, ndipo wakatenga dola bilioni 700 za kuokoa mabenki. Mwaka uliofuata kampuni ya magari ya General Motors ikafilisika. Hazina yao ikatia karibu dola bilioni 50, na ilipouza hisa za mwisho Desemba 2013 ilikuwa imepoteza kama bilioni 10. Hasara, ndiyo. Ila viwanda vidogo vya vipuri vilivyoitegemea havikufa nayo. Na angalieni masharti: mkuu wa kampuni aliondolewa, na waliokuwa na hisa za zamani wakabaki mikono mitupu. Hapo ndipo sisi tunapokosea, tunatia pesa bila kumgusa mtu.

Mtoto wa Pipeline
Mwalimu, hiyo ni Marekani. Hapa kwetu kampuni ya maduka ya Uchumi ilifungwa Juni 2006, ikafufuliwa kwa msaada wa serikali, ikarudi soko la hisa 2011, na 2015 ikawa inafunga matawi ya Uganda na Tanzania. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipewa pesa za umma zaidi ya mara moja, na Septemba 2019 benki ikaiweka chini ya meneja mrasimu, yaani mtu wa kuishika kampuni ili benki irudishe deni lake. Mara ngapi ndio tuelewe?

Rubani wa Moyoni
Na Kenya Airways mbona umeiruka? Hasara ya shilingi bilioni 25.7 mwaka 2015, bilioni 26.2 mwaka 2016, madeni yakageuzwa hisa 2017, na 2024 ikapata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Kama tungeiacha 2017 leo tungekuwa hatuna ndege.

Mtoto wa Pipeline
Malizia basi. Nusu ya kwanza ya 2025 ilirudi kwenye hasara ya zaidi ya bilioni 12. Na hiyo faida ya 2024 ilibebwa sana na shilingi kupata nguvu.

Rubani wa Moyoni
Dreamliner tatu zilikuwa zimeegeshwa. Ndege ambayo hairuki italeta faida gani? Unasoma kichwa cha habari tu.

Fundi wa Uhuru Market
Mzee wa Donholm, umefunua kitu nilichokuwa nimekifunika. Cherehani zangu ziko Uhuru Market, pale Jogoo Road. Nilipata oda ya ovaroli 400 za kampuni moja kubwa, jina silitaji. Buluu iliyokoza, mifuko minne, nembo yao imetariziwa kifuani. Za kwanza 200 nikapeleka, karani akapiga muhuri, nikaambiwa nisubiri siku 90. Zikaisha. Nikaenda ofisini, kijana wa uhasibu akanionyesha gazeti: serikali inatoa pesa, mama, wewe endelea kushona, mtalipwa nyote kwa mpigo. Niliamini kwa sababu ni serikali. Lingekuwa neno la mdosi peke yake nisingeshona hata mfuko mmoja.

Nikachukua majora tisa kwa mkopo Biashara Street. Nikakopa kwenye chama, wenzangu watano wakanidhamini.

Pesa zikaja kweli, tuliona kwenye habari. Nikapiga simu asubuhi hiyo hiyo. Kijana akasema benki ndiyo ya kwanza kwa sababu ina dhamana, halafu mafuta, halafu mishahara. Nikamuuliza, na sisi ni wa ngapi? Akanyamaza. Zile 200 za pili wakazikataa getini, eti oda zote zimesitishwa.

Nilirudi nazo juu ya mkokoteni. Nguo ina nembo ya mwenyewe kifuani, utamuuzia nani? Nikaketi na msichana wangu wa kazi, kila mmoja na wembe wake, tukaanza kufumua. Uzi mmoja mmoja, maana ukivuta kwa pupa kitambaa kinachanika. Usiku wa kwanza tulimaliza kumi na moja. Ukishafumua, ukiinua nguo kwenye taa unaona vitundu vimeichora nembo ile ile, na havizibiki hata upige pasi ya moto namna gani. Hapo ndipo nililia. Siku dalali alipobeba cherehani nne sikutoa chozi, nilikuwa nimekauka.

Wale watano walikatwa akiba zao kulipa mkopo wangu. Mmoja alikuwa ameweka karo ya mtoto. Hajanisemesha tangu hapo, na ana haki. Yeye pia analipa kodi kila akinunua unga na sabuni. Alisaidia kuokoa kampuni, halafu akanilipia na mimi.

Nyanya Shiru
Jameni. Pole mama.

Karani Mstaafu
Nimesoma mara mbili. Hivyo vitundu.

Hesabu Zangu
Pole, lakini tuseme ukweli. Ulishona kundi la pili kabla ya kulipwa la kwanza. Hilo ni kosa lako, serikali haikukushika mkono.

Mtoto wa Pipeline
Wewe hujawahi kungoja oda. Kukataa kundi la pili ni kusamehe la kwanza, kila mtu anayewauzia hawa wakubwa anajua hivyo.

Hesabu Zangu
Nina duka Gikomba mwaka wa 14. Sijawahi kutoa mzigo bila pesa mkononi.

Mzee wa Donholm
Mheshimuni mama. Hapa si mahali pa kumhukumu aliyeumia.

Mwalimu wa Kayole
Kuna jambo linanisumbua tangu nisome hii. Benki ikianguka Kenya, mwenye akiba analipwa na mfuko wa bima hadi shilingi 500,000. Kabla ya 2020 ilikuwa 100,000. Benki zenyewe ndizo huchangia mfuko huo. Mbona muuzaji mdogo hana kinga kama hiyo? Kampuni kubwa zikatwe kila mwaka zikiwa bado nzima, ili zikizama tuanze kumlipa fundi na mfanyakazi. Nimekuwa nikitetea kuokoa kampuni. Mama amenifanya niulize tunaokoa nani ndani ya kampuni.

Wakili wa Umoja
Mama fundi, 200 za kwanza zilikuwa za bei gani? Kuna Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani tangu 2021, inasikiza madai yasiyozidi milioni moja, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Ila deni la mkataba lina miaka sita tu, likipita limekufa.

Nyanya Shiru
Usiende korti mwanangu, utapoteza siku za kazi. Nenda kwa mbunge ukakae mlangoni.

Hesabu Zangu
Mbunge wa nini? Aende Milimani. Na tena, mama, siku nyingine nembo uitarizi kwenye kipande chake, ukipachike siku ya kulipwa. Hiyo nakwambia kwa nia njema.

Wakili wa Umoja
Lakini uliza kwanza kama kampuni iko chini ya msimamizi, yule anayewekwa kuiendesha ikishindwa na madeni. Ikiwa hivyo, huwezi kuishtaki bila idhini yake au ya mahakama.

Fundi wa Uhuru Market
Zilikuwa 2,100 kila moja, kwa hivyo 420,000. Msimamizi hakuna, ofisi bado iko na juzi wamepaka rangi. Nimetoa karatasi kwenye kopo la biskuti sasa hivi. Muhuri unasomeka. Nikihesabu kutoka siku 90 zilipoisha, imebaki miezi minne itimie miaka sita. Jumatatu nitafunga kibanda niende Milimani. Hesabu Zangu, hilo la kipande nimelichukua.

Rubani wa Moyoni
Mama, zile ulizofumua ziliisha? Shemeji yangu ana gereji Grogan na vijana wanane wanavaa matambara.

Fundi wa Uhuru Market
Zimebaki 41, nyingi ni saizi kubwa. Mwambie mapema kwamba kifuani ataona alama. Kitambaa ni kizima na mishono ni miwili miwili. Aje nao wote wanane, nitawapima, za kupunguza nitapunguza wakingoja.