Eti tatizo ni mguu wangu!

Wakuu, naandika bado natetemeka. Yule fundi mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayesikiliza injini amefumba macho kama anaombewa. Leo kanitazama usoni, mbele ya wateja na vijana wake wote, akasema: "Gari ni zima. Tatizo ni mguu wako."

MGUU WANGU.

Nilimpelekea gari pedeli ya klachi inazama mpaka chini kama umekanyaga tope. Gia ya kwanza haiingii, rivasi inalia mpaka mbwa wa mtaa wa tatu wanaitikia. Ukipampu mara tatu nne, inaingia. Hilo la kupampu nilimwambia mara mbili! Hakufungua hata kopo la mafuta ya klachi. Yeye moja kwa moja kushusha giaboksi. Sahani ya klachi mpya, presha pleti inayoibana mpya, beringi mpya, siku 4 gari liko juu ya mawe. Nalipa, nawasha, nakanyaga: inazama vilevile. Namwita, anakuja anafuta mikono kwa kitambaa, taratiiibu, halafu eti mguu wangu.

Mguu huu unaendesha gari za gia mwaka wa 19 sasa. Na sahani ya zamani ninayo kwenye buti, bado nene, rivati zimezama ndani kabisa, yaani haijalika. Klachi ilikuwa haiachii injini nikikanyaga, haikuwa inateleza kwa sahani kuisha! Vijana wakacheka, mmoja akakaa chini kabisa acheke vizuri. Mguu wangu!

Spana17: Pole mkuu. Ukipampu ikarudi, basi kuna upepo kwenye mfumo wa mafuta ya klachi, au masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, imechoka, au silinda ya kule chini kwenye giaboksi inavuja. Mulika pale pedeli inapoingilia. Pakiwa pamelowa, mwizi umemkamata.

Mleta uzi: Nimemulika sasa hivi. Zulia chapachapa! Kopo nalo limebaki tone. Kitu cha dakika moja, yeye kashusha giaboksi nzima. Halafu mguu wangu.

Kibao_Kata: Weka picha ya mguu kwanza, tusimwonee fundi wa watu.

Bi Gia: Huyo huyo! Mimi aliniambia harufu ya kuungua ni viatu vyangu. Kumbe sili ya nyuma ya injini inamwaga oili kwenye sahani. Napanda mlima, injini inanguruma, gari halisogei, nimepitwa na baiskeli.

Mzee wa Chuma: Siku nyingine ukiambiwa sahani imekwisha, washa injini, weka gia ya nne, vuta hendibreki, achia klachi polepole. Injini ikizima, sahani inashika. Hapo fundi hakudanganyi.

Sukuma Twende: Mnateseka kwa hiari yenu. Hamieni otomatiki.

Bi Gia: Otomatiki? Shemeji yangu kajaziwa oili isiyo yake, gari linafikiria nusu saa ndiyo libadilishe gia.

Kibao_Kata: Afadhali nyie. Fundi umeme wangu kafunga redio, sasa nikiwasha indiketa honi inalia.

Sukuma Twende: Honi? Mimi nikipiga breki waipa zinaanza kazi.

Mleta uzi: Jamani, mtu kaniambia MGUU WANGU mbele ya watu!

Spana17: Kibao, indiketa ya kushoto au ya kulia?

Kibao_Kata: Ya kulia. Ya kushoto inazima redio.

Spana17: Basi angalia waya wa ardhi nyuma ya redio, kauunga pasipo pake.