Nimerithi sanduku la riwaya za zamani: nianze na ipi, na hii niliyokwama nayo niifanyeje?

Mwana wa Mwalimu (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa rika langu habari za jioni.

Marehemu mama yangu alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na alipofariki mwaka jana alituachia, pamoja na mambo mengine, sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake. Sote tulidhani lina vitenge. Tulipolifungua baada ya arobaini tulikuta vitabu 23, karibu vyote riwaya za Kiswahili zilizochapishwa kati ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, vingine vimeliwa na wadudu pembeni, vingine pini zake zimeota kutu na kuacha madoa ya rangi ya chai katikati ya kurasa. Kaka yangu alipendekeza tumpe mama anayeuza karanga pale kituoni afungie, wala sikumlaumu, kwa sababu hata mimi, ambaye ni mhasibu na kutwa nzima nasoma tarakimu, nilikuwa sijashika riwaya tangu nilipomaliza kidato cha nne.

Nilivichukua kwa ajili ya kumkumbuka tu. Usiku mmoja umeme ulipokatika nilitoa kimoja bila kuchagua, kikawa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammad Said Abdulla, nikakuta mama ameandika kwa penseli pembeni mwa kurasa majina ya wahusika aliowashuku, na kwamba alikuwa akiyakata moja baada ya jingine kadiri mpelelezi Bwana Msa alivyovuta kiko chake na kufikiri. Jina moja alilikata, akalirudisha, akalikata tena. Nilicheka peke yangu gizani, na kwa siku tatu nikawa nimekimaliza, jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo.

Kilichonileta hapa ni kitabu kilichofuata. Nilichukua *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza, juzuu ya kwanza, kwa kuwa ndicho kinene kuliko vyote na nilidhani unene wake una sababu. Nimekwama kabla ya ukurasa wa mia. Mtu anakwenda ukweni, anasalimiana, anaketi, anakaribishwa chakula, na kila jambo linaelezwa kana kwamba msomaji hajawahi kuingia nyumba ya watu. Hakuna pia alama ya penseli hata moja hadi hapo nilipofika, na hilo limenitia wasiwasi wa namna nyingine: huenda raha niliyoipata mwanzo haikuwa ya kitabu bali ya mwandiko wa mama. Ninaomba mnishauri kama niendelee au nikiache, nifuatishe kipi baada yake, na juzuu ya pili, ambayo haimo sandukuni, inaweza kupatikana wapi. Ninaye pia binti wa miaka 16 ambaye ningependa avisome, lakini sitaki kumlazimisha.

Baraza la Jioni

Pole kwa msiba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu wetu.

Usijilaumu kwa kufurahia mwandiko wake, maana *Mzimu wa Watu wa Kale* kiliandikwa kwa ajili ya msomaji wa namna ya mama yako. Hadithi hiyo ilipata ushindi katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960, na sisi tuliokuwa watoto Unguja wakati huo tuliisikia kabla ya kuisoma, kwa kuwa nakala ilikuwa moja mtaani na aliyekuwa na sauti nzuri ndiye aliyesomea wenziwe. Watu walibishana juu ya muuaji mpaka adhana ya isha. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba ukikwama usome kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni. Sentensi nyingi za waandishi wale huonekana ndefu machoni, lakini ukizitamka unaona mahali pa kupumulia pamewekwa kwa makusudi.

Kuhusu cha kufuata, tazama kama sandukuni mna *Nyota ya Rehema* cha Mohamed Suleiman Mohamed, kilichotoka mwaka 1976. Nilikisoma nikiwa kijana nikaona ni kisa cha msichana anayebaguliwa na jamaa za baba yake tajiri kwa weusi wa ngozi yake, kisha anampata Sulubu, maskini mwenye moyo na mikono ya kazi, na nikaridhika kwamba nimeelewa. Miaka miwili iliyopita nilikirudia, mjukuu wangu akiwa anakihitaji kwa masomo, nikagundua kwamba nilikuwa nimepita juu juu. Kumbe sehemu kubwa ya uchungu wake imo katika shamba: nani ana hati, nani amelima, nani anaweza kuja asubuhi moja na kusema ondokeni. Nilipokuwa kijana sikuwa na shamba, wala sikuwa nimeona ndugu wakigombania mirathi, ndiyo maana kurasa hizo hazikunisemesha.

Na kuna raha nyingine ndogo ambayo vijana hawaijui. Ukisoma riwaya za Unguja za miaka ile unakutana na vitu ambavyo havina tena kazi, kama sarafu ya sumni kununulia kitu cha maana, na unajikuta umesimama katikati ya ukurasa ukikumbuka uzito wake mfukoni.

Mkerewe wa Nansio

Dada, naomba nikitetee kitabu cha Kitereza, kwa kuwa mahali ulipokwama ndipo walipokwama watu wengi ninaowafahamu, nami nikiwamo mara ya kwanza.

Fahamu kwanza safari yake. Mwandishi alizaliwa mwaka 1896 na alikimaliza kitabu kwa Kikerewe mwaka 1945, akakaa nacho miaka mingi bila kupata wa kukichapisha, hatimaye akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kazi kukamilika. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Mtu aliyekuwa akiona desturi za utoto wake zinayeyuka hakuwa na haja ya kumkimbiza msomaji. Alitaka kila kitu kiwekwe mahali pake kabla ya waliokijua kwisha, na akakificha ndani ya kisa cha mume na mke wanaopendana ambao hawajajaliwa mtoto.

Sasa rudi ukweni, lakini usisome ukiuliza kisa kinakwenda wapi. Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndugu za mumewe wanamsimanga kwa kukosa mtoto, na Myombekere amekuja kumwomba mkewe. Angalia nani anasalimiwa kwanza, nani anajibu kwa maneno machache kuliko ilivyo kawaida, nani ananyamaza chakula kinapoletwa. Wakwe waliokosewa hawahitaji kupayuka. Wanamkaribisha vizuri, wanamlisha, kisha wanamtoza pombe ya ndizi, na hapo ndipo hasira yao yote ilipo.

Kwa mtu wa leo, pombe ni kreti inayochukuliwa dukani jioni ileile. Kwa Myombekere ni ndizi za kuvundikwa mpaka ziive, kumenywa, kukamuliwa kwa nyasi, maji yake kutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha kungojwa yachachuke, na yote hayo yanataka mikono ya majirani, kwa kuwa mwanamume aliyeachwa peke yake nyumbani hawezi kazi hiyo. Mwandishi anakueleza hatua kwa hatua, nawe unapiga miayo, lakini kila siku ndizi zinapongoja kuiva ni siku nyingine ambayo Bugonoka hayupo. Nilipoliona hilo sikuruka tena ukurasa. Taharuki ambayo Bwana Msa anaipata kwa maiti, Kitereza anaipata kwa mtungi.

Marehemu bibi yangu hakujua kusoma. Nilimsomea sehemu hiyo nikiwa likizo, akanikatiza kunieleza nyasi zipi zilifaa kukamulia na zipi ziliharibu ladha, tukawa hatukufika ukurasa wa pili jioni ile. Ukipata mzee wa kwenu msomee, utaona.

Juzuu ya pili inafuata maisha ya watoto, Ntulanalwo na Bulihwali. Ukiikosa kabisa, na kama Kiingereza si kikwazo, Gabriel Ruhumbika, ambaye naye ni mtu wa Ukerewe, alikitafsiri kitabu chote kutoka Kikerewe na tafsiri hiyo ikatolewa mwaka 2002 na Mkuki na Nyota.

Asiyesifu Ovyo

Poleni wafiwa. Naomba nipunguze kidogo sifa hizi, kwa sababu mtu anayeanza anaweza kudhani kila kilichosahauliwa kilionewa.

Nimesoma riwaya nyingi za upelelezi za miaka ya 1970 ambazo mwanamke ndani yake ni ama chambo ama maiti, na baada ya ya tatu unajua ya nne itakwishaje. Zimesahauliwa kwa haki yake. Nyingine zinafaa kusomwa kwa jicho la pembeni: *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, cha mwaka 1934, kinawasifu Waingereza kiasi cha kuchosha, lakini kinakuonyesha jinsi wazao wa walioachiwa huru na kuwekwa Freretown, Mombasa, walivyofundishwa kuisimulia historia yao wenyewe. Sikukifurahia, ila sijutii.

Kwa binti yako ningependekeza *Shida* cha Ndyanao Balisidya, cha mwaka 1975, kinachohusu vijana wa Ugogo wanaokimbilia Dar es Salaam wakidhani maisha yanawangoja huko. Ni kifupi, na binti wa miaka 16 hatahitaji kuelezwa kwa nini kinamhusu. Kitereza mwache kwanza.

Mkutubi Mstaafu

Ninajibu yale yanayohusu kazi yangu ya zamani tu.

Juzuu ya pili itafute Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ambako wachapishaji hutakiwa kisheria kuweka nakala za vitabu vyao, au katika mkusanyiko wa East Africana wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko utasomea hapohapo, hutaruhusiwa kuondoka nayo. Nakala ya kununua itategemea bahati na wauza vitabu vya mtumba, nao uwaachie jina la kitabu limeandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa wengi hukumbuka jalada kuliko jina.

Vitabu vyako usivirudishe ndani ya bati, kwa sababu bati hutoa jasho usiku na unyevu huo ndio ulioleta kutu. Ukiona vumbi laini kama unga likidondoka katika mgongo wa kitabu, wadudu bado wamo: kifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ukiweke kwenye friza wiki mbili, na ukikitoa ukiache siku nzima kabla ya kufungua mfuko. Palipochanika usibandike selotepu. Nimeona selotepu ikiharibu kurasa ambazo mchwa walikuwa wameziacha. Na tafadhali usipige picha kitabu kizima cha Kitereza na kukisambaza kwenye makundi ya simu, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara huilinda kazi kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na kwa kitabu hiki muda huo haujaisha.

Mwana wa Mwalimu (mleta uzi)

Nawashukuru nyote, na mniwie radhi kwa kukaa mwezi mzima bila kurudi.

Vitabu sita vilipitia friza, na kaka yangu amenitangaza kwa ukoo mzima kwamba nagandisha riwaya pamoja na sato. Kitereza nilimrudia tangu ukurasa wa kwanza, kwa sauti, jikoni, kama nilivyoelekezwa. Bado kuna mahali ambapo nasinzia, sitawadanganya. Lakini pombe ya ndizi niliipita bila kuruka mstari, na humo katikati, pembeni mwa aya ya ndizi, nikakuta penseli ya mama: «Kama kwa baba.» Basi alikuwa amefika huko, na kurasa za mwanzo hakuandika kitu, nadhani kwa sababu naye alikuwa anangoja.

*Nyota ya Rehema* imo sandukuni, nimeiweka ya pili. *Shida* haimo, nimewaachia jina wauza vitabu wawili.

Binti yangu sikumshauri chochote, akachukua mwenyewe *Mzimu wa Watu wa Kale* baada ya kuona maandishi ya bibi yake. Tuligombana kidogo, kwa sababu alikuwa ameanza kuandika majina yake mwenyewe kwa kalamu ya wino. Nimemnyang'anya kalamu nikampa penseli. Jana usiku nilichungulia nikakuta jina aliloliwekea mstari ni lilelile ambalo mama alilikata mara mbili. Nimenyamaza.